Kabla Hujanunua Oili ya Saketi, Soma Geji

Ukiingia dukani ukasema unatafuta oili ya gari la michezo unalolikimbiza saketi, muuzaji atakuuliza unataka namba gani: 30, 40 au 50? Ukiwa umesimama mbele ya rafu huna namna ya kumjibu kwa uhakika. Jibu liko kwenye sampo ya gari lako, lile bakuli la oili chini ya injini, raundi ya tano au ya sita, oili ikiwa imeshapata moto wake wote. Kama hujui inafika nyuzi ngapi wakati huo, unabahatisha tu, hata ukilipia dumu la bei kubwa kuliko yote dukani. Na ikiwa umefunga rejeta ya oili, hesabu inabadilika tena, kwa sababu rejeta hiyo inashusha joto, na joto likishuka, oili iliyokufaa jana huenda isikufae leo. Rejeta na oili ni ununuzi mmoja. Anayechagua kimoja bila kukiangalia kingine hupoteza pesa kwenye vyote viwili.

Mfano wangu utakuwa Toyota GT86, ambalo Subaru waliliuza kwa jina la BRZ. Lilitoka mwaka 2012 likiwa na injini ya FA20: lita 2.0, silinda nne zilizolala, bila tabo, na inazunguka hadi rpm 7,400. Ni gari jepesi, bei yake haitishi, na utalikuta kwenye siku za saketi kuanzia Dubai Autodrome hadi Kyalami kule Afrika Kusini na Nürburgring ya Ujerumani. Kiwandani lilitiwa oili ya 0W-20. Kwa safari za kazini na sokoni oili hiyo inatosha kabisa. Saketi ni habari nyingine. GT86 lisilo na rejeta ya oili, likisukumwa dakika 15 mfululizo siku ya joto, si ajabu kuona oili yake imepita nyuzi 125. Kitabu chenyewe cha gari kinakubali kwamba oili nzito zaidi yaweza kufaa pale gari linapoendeshwa kwa kasi kubwa au chini ya mzigo mkali, kwa hiyo usidhani unakwenda kinyume na mtengenezaji ukiiacha 20.

Namba za kwenye dumu

Namba iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi. Oili ya 0W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat namba hiyo haina uzito mkubwa. 5W itamwashia gari kila asubuhi bila matatizo.

Namba ya pili ndiyo yako. Inaeleza uzito wa oili, yaani mnato wake, ikiwa na nyuzi 100, na hupimwa kwa sentistoki. Oili ya 20 iko kati ya 6.9 na 9.3. Ya 30 inaanzia hapo hadi 12.5. Ya 40 inafika 16.3, na ya 50 inafika 21.9. Ona kwamba namba hizi zote ni za nyuzi 100. Oili yako ya saketi haikai kwenye nyuzi 100.

Chukua 5W-40 ya kawaida yenye sentistoki 13.5 kwenye nyuzi 100. Ifikishe nyuzi 120, itabaki na 9 hivi. Maana yake 40 uliyoinunua sasa inafanya kazi kwa uzito wa 20 iliyo kwenye nyuzi 100. Ile 0W-20 ya kiwandani yenye 8.5 ikifika nyuzi 130 inabaki na 5 hivi, na hapo utando wa oili unaotenganisha krenkishafti na beringi zake umekuwa mwembamba mno. Sasa igeuze hesabu. Rejeta nzuri ikiishusha oili kutoka nyuzi 125 hadi 108, umeupata uzito uleule ambao ungeununua kwa kupanda namba nzima kwenye dumu, na umeupata bila kuipa pampu mzigo wowote wa ziada kwenye raundi ya kwanza oili ikiwa bado ya baridi.

Kipimo kingine, ambacho mimi hukitazama kabla ya namba ya pili, kinaitwa HTHS. Hapa oili hupimwa ikiwa na nyuzi 150, huku ikisagwa kwa kasi kubwa katikati ya nyuso mbili za chuma zilizokaribiana, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi. Ndani ya beringi joto huwa juu kuliko linaloonyeshwa na geji ya sampo, ndiyo maana ikachaguliwa 150. Oili ya 20 hutakiwa iwe na angalau 2.6. Ya 30 angalau 2.9. Lakini 30 mbili zilizokaa pamoja kwenye rafu zinaweza kutofautiana sana: moja ina 3.0, nyingine 3.6. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kusoma nyuma ya dumu. Ukiona kiwango cha Ulaya, ACEA A3/B4 au ACEA C3, oili hiyo imethibitishwa kuwa na 3.5 au zaidi, hata kama mbele imeandikwa 30. Ukiona kiwango cha Marekani, API, peke yake, tafuta karatasi ya takwimu ya oili hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kampuni zinazojiamini huiweka wazi.

Neno "sintetiki" usilitegemee sana. Tangu mwaka 1999, pale Castrol na Mobil walipofikishana mbele ya chombo cha kusuluhisha malalamiko ya matangazo huko Marekani, oili iliyotokana na mafuta ghafi na kusafishwa kwa kiwango cha juu imeruhusiwa kuuzwa huko kwa jina hilo. Nyingi kati ya hizo ni oili nzuri. Ninachosema ni kwamba neno hilo halikuelezi oili itavumilia nini kwenye nyuzi 125. HTHS ndiyo inayokueleza.

Pima kwanza

GT86 za mwanzo hazina geji ya joto la oili kwenye dashibodi. Inayoonekana ni ya maji, na maji hayakuambii kitu. Maji yanaweza kutulia kwenye nyuzi 92 huku oili imefika 130. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, pamoja na programu ya simu kinaweza kusoma joto la oili kutoka kwenye kompyuta ya gari. Kwa presha ya oili itabidi ufunge kihisi chako, na ukifunga rejeta ndio wakati wake, kwa sababu ile sahani inayokaa kati ya injini na filta huwa na matundu ya kukifungia.

Kwenye FA20 filta iko juu ya injini, mbele, mahali unapopafikia kwa mkono ukifungua boneti. Oili inatoka kwenye pampu, inafika kwenye sahani, inakwenda mbele kwenye rejeta, inarudi, inapita kwenye filta, kisha inagawanywa kwenye beringi. Muulize fundi amekiweka kihisi upande gani. Kikiwa kabla ya rejeta kinasoma oili kama ilivyotoka kwenye sampo. Kikiwa baada ya rejeta kinasoma ile inayokwenda kwenye beringi, ambayo ni baridi zaidi. Watu wawili wenye magari yanayofanana hubishana siku nzima juu ya joto kumbe vihisi vyao viko sehemu tofauti. Mimi napendelea cha kabla ya rejeta, maana ndicho kinachoonyesha jinsi oili inavyoteseka.

Halafu nenda saketi na oili nzuri ya 5W-30 yenye C3 au A3/B4 kama oili ya majaribio. Raundi ya kwanza nenda taratibu hadi oili ifike nyuzi 80. Kisha endesha kama unavyoendesha siku zote. Mwombe mtu akae pembeni yako asome geji, au iache programu irekodi, kwa sababu macho yako yana kazi nyingine. Andika vitu vitatu: joto la juu kabisa, presha mwishoni mwa njia ndefu iliyonyooka injini ikiwa karibu na rpm 7,000, na joto la hewa siku hiyo.

Joto la hewa ndilo watu husahau kuliandika. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti kati ya oili na hewa. Oili yenye nyuzi 110 kwenye hewa ya nyuzi 20 ina pengo la 90. Kwenye hewa ya 40 pengo ni 70, na rejeta ileile imepoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu yake. Kwa makadirio, hewa ikipanda nyuzi 10, na oili itapanda karibu nyuzi 10. Vipimo ulivyochukua Dubai mwezi Januari havitakusaidia Mei.

Mwinuko nao una neno lake. Kyalami iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi ni juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 au zaidi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo inayopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo. Injini isiyo na tabo kama FA20 inapata nafuu kwa sababu nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, nguvu zake zinapungua, na joto lake linapungua. Mwenye Impreza ya tabo hana nafuu hiyo. Tabo inajitahidi kuirudisha presha ya hewa, joto linabaki palepale, na rejeta inafanya kazi na hewa nyepesi. Kama gari lako ni la tabo na unaishi nyanda za juu, nunua rejeta kubwa kuliko wanayoshauri watu wa pwani.

Kuchagua

Sasa vipimo unavyo. Kwa GT86 lenye rejeta, joto la juu likikaa kati ya nyuzi 100 na 115, baki na hiyo 5W-30 yenye HTHS ya 3.5. Usiongeze chochote. Likifika 120 au 125, panda hadi 5W-40 au 0W-40 yenye A3/B4. Likivuka 130, hapo tatizo si la oili tena, na kuitafutia dawa kwenye dumu ni kuuahirisha ugonjwa.

Najua utaambiwa nini gereji. "Bosi, tia 20W-50, nchi hii ya joto." Ushauri huo una asili yake: injini nyingi za zamani, zilizochakaa na zenye mianya mipana, zilifaidika kweli na oili nzito, na mafundi waliozihudumia waliona matokeo kwa macho yao. FA20 haikutengenezwa hivyo. Njia zake za oili ni nyembamba, na mfumo unaobadilisha majira ya vali unasukumwa na oili hiyohiyo. Ukiipa oili nzito kupita kiasi, mfumo huo unachelewa kuitikia. Zaidi ya hapo, oili nzito hujipasha joto yenyewe kwa sababu inasuguana zaidi inaposukumwa. Na inapopita kwenye vijia vyembamba vya rejeta ikiwa haijapata moto hukutana na ukinzani mkubwa, presha inapanda, vali ya usalama ya pampu inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa kwenye sampo bila kufika kwenye beringi. Geji itakuonyesha presha ya kupendeza. Presha inapima ukinzani. Kinachoziokoa beringi ni oili inayopita, na hiyo geji haiionyeshi.

Kuna magari yaliyobuniwa kwa oili nzito. BMW M3 ya injini ya S54 hutumia 10W-60 kwa agizo la kiwanda. Usimwige mwenye gari hilo. Hata kwake, oili yenye pengo kubwa kama kati ya 10 na 60 inahitaji polima nyingi za kuishikilia, na polima hizo hukatika kadiri zinavyosagwa. Oili hiyo huanza na 60 na baada ya kazi nzito ikawa imeshuka namba moja.

Kanuni ya zamani ya watu wa mbio husema psi 10 kwa kila rpm 1,000, oili ikiwa na moto. Ichukue kama mwanzo wa mazungumzo tu. La maana zaidi ni gari lako lilinganishwe na lenyewe: kama mwezi uliopita ulipata psi 68 kwenye rpm 7,000 na nyuzi 112, na leo kwa hali ileile unapata 58, kuna kitu kimebadilika. Mara nyingi ni petroli. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na FA20 ni mojawapo, huacha kiasi fulani kishuke kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli hupoteza uzito haraka.

Jambo moja oili hailiwezi. Kwenye kona ndefu ya kasi oili yote hukimbilia upande mmoja, na mdomo wa pampu ukiachwa wazi unafyonza hewa. Madereva wengi wa GR86, mdogo wake GT86 mwenye injini ya lita 2.4, wameiona presha ikiporomoka kwenye kona ndefu za kulia. Sindano ya presha ikidondoka ghafla na kurudi, hakuna 40 wala 50 itakayokusaidia. Unahitaji vizuizi ndani ya sampo. Tembea polepole urudi gereji.

Rejeta yenyewe

Nunua sahani yenye themostati inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Bila themostati, rejeta itaipoza oili hata ukiwa kwenye foleni ya asubuhi, oili haitafika nyuzi 90, na unyevu na petroli vilivyoingia humo havitapata joto la kuvifukuza. Oili ya gari la namna hiyo huharibika barabarani kabla ya kuiona saketi. Wenye magari yanayoishi mahali pa baridi, kama Limuru au Njombe, waliangalie hili kwa makini hata wakiwa na themostati.

Rejeta ikae mbele kwenye upepo, na upepo uliokwishapita uwe na njia ya kutokea. Watu hufunga rejeta kubwa nyuma ya bampa, hewa inaizunguka badala ya kuipenya, kisha wanalaumu oili. Vipande vya bati au plastiki ngumu vya kuiongoza hewa hugharimu kidogo na mara nyingi hushusha nyuzi nyingi kuliko kubadili oili.

Usinunue rejeta ya oili iliyotumika. Hata ukiikuta Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam ikiwa safi nje na bei yake ni ya kuvutia, huwezi kujua ilitoka kwenye injini gani. Injini ikifa kwa kusaga beringi, chembe za chuma hujificha ndani ya vijia vya rejeta, na hakuna namna ya kuosha inayoaminika kuzitoa zote. Zitakusubiri, kisha zitaingia kwenye injini yako. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwahi kuvunja injini, rejeta yake itupe pamoja na filta.

Dukani, na siku ya kumwaga

Sokoni kwetu kuna oili bandia, na madumu ya majina makubwa ndiyo yanayojazwa zaidi. Nunua kwa wakala anayetambulika, angalia kama muhuri wa kifuniko haujaguswa, na linganisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye dumu na ya dumu lingine la katoni hiyohiyo. Dumu lako likiisha, litoboe kwa bisibisi kabla ya kulitupa, lisijazwe tena. Ukiona API SP, kiwango kilichoanza mwaka 2020, ni ishara nzuri kwa wenye tabo, kwani kinapima pia ule mlipuko wa mapema ndani ya silinda unaovunja pistoni kwenye injini za aina hiyo. Oili za mbio tupu, zisizo na API wala ACEA, ziache kwa gari linalobebwa kwenye trela na kumwagwa oili kila baada ya shindano.

FA20 inachukua lita 5.4 pamoja na filta. Rejeta na mipira yake huongeza nusu lita, wakati mwingine karibu lita nzima. Jaza, washa injini, endesha hadi themostati ifunguke, simama mahali pa tambarare, subiri dakika kama 10, ndipo upime kwa kijiti. Weka kiwango karibu na alama ya juu lakini kisiivuke. Oili iliyozidi hupigwa na krenkishafti ikawa povu, na povu halibebi beringi. Kumbuka pia kwamba ukifungua nati ya sampo, oili iliyo kwenye rejeta haitoki. Kama ulikuwa na oili isiyofaa, mwaga mara mbili, ya pili baada ya siku chache za barabarani.

Kwa gari linaloendeshwa barabarani na kukimbizwa saketi, badilisha oili kila baada ya siku mbili au tatu za saketi, na mapema zaidi kama joto lilivuka 130 hata mara moja. Ile ya kwanza usiimwage yote. Jaza chupa safi katikati ya mmwagiko, si mwanzoni wala mwishoni, uipeleke kwenye maabara inayopima oili za mitambo ya viwandani. Waombe uzito kwenye nyuzi 100, asilimia ya petroli, silikoni na metali. Uzito ukiwa umeshuka na petroli iko juu, fupisha muda wa kubadilisha kabla hujafikiria namba nyingine. Silikoni ikiwa juu, mara nyingi vumbi linaingia, hasa kama unashiriki pia autokrosi ya udongoni. Kagua filta ya hewa na mabomba yake. Metali za beringi, ambazo kutegemea injini ni risasi, shaba au aluminiamu, zikipanda kati ya sampuli moja na nyingine, fungua sampo uangalie kabla ya kulipia siku nyingine ya saketi.